Mafuta ya Dukani kwenye Msiba wa Mama

Mume wangu alikuwa mfunga makopo katika kiwanda cha mafuta ya kula, huku Kihonda, na nyumba yetu ilipika kwa mafuta ya kiwanda hicho tu. Nasema hivi mwanzoni kwa sababu wajukuu wangu wanadhani mafuta ni mafuta. Wanaingia dukani, wanachukua yaliyo rahisi, kesho wanachukua mengine, wala hawaoni ajabu. Kwetu haikuwa hivyo, na mambo yaliyotupata siwezi kuyaeleza kwa mtu asiyejua kwamba haikuwa hivyo.

Kopo lilikuwa la njano, lina ua la alizeti ubavuni. Watu hawakutaja jina la kiwanda, walisema tu la Ua. Miaka ile ya foleni, sabuni ukiipata unaificha chini ya kitanda, wafanyakazi walipewa kopo lao kila mwezi, na mimi mke wa mfunga makopo nikawa mtu mbele za watu. Wanawake waliokuwa wakinipita kama mti walianza kunisalimia. Mama yangu, juu kule Mgeta, nilimpelekea kopo kila nilipopanda, na kopo likiisha alitilia mbegu. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno, lakini akiona kopo la Ua dukani kwa mtu, hata Ngerengere huko, alilishika, akalipindua, akatazama mshono wa kifuniko. Aliutambua mkono wake.

Kisha ikaja ruksa. Redioni waliita kwa majina marefu, sisi tulisema ruksa, au soko huria. Foleni zikaisha. Siwezi kudanganya, tulifurahi. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya sukari na mtoto mgongoni haombi foleni irudi. Vitenge vikaja, mitumba ikaja, redio za kila rangi. Na mjini mfanyabiashara mmoja akavunja kaunta ya duka lake, akafanya duka la kujichukulia mwenyewe.

Niliingia mara moja kuangalia. Mlangoni alikaa msichana na vikapu vya plastiki.

"Karibu mama, chukua kikapu."

"Nimekuja kuangalia tu."

"Hata kuangalia unachukua kikapu, mama."

Nikachukua, nikazunguka nacho kikiwa kitupu kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Nikaona majani ya chai yana jina la duka. Chumvi ina jina la duka. Unga, maharage, hata viberiti. Nikajiuliza, huyu bwana analima chai wapi? Na mafuta ya kula pia, kwenye chupa za plastiki, karatasi nyekundu, jina la duka. Yalikuja kwa mapipa kutoka bandarini, yakamiminwa kwenye chupa uani nyuma, kila mtu alijua. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya kopo letu. Nikarudisha kikapu, nikatoka. Msichana akasema karibu tena.

Haukupita muda wafanyakazi wakaitwa kwenye uwanja wa kiwanda. Meneja akawaambia stoo imejaa, makopo hayatoki. Akawauliza, kama wake zenu wenyewe wananunua ya dukani, nani anunue yetu? Mume wangu alirudi na maneno hayo, akasimama mlango wa jikoni, hakukaa.

"Kuanzia leo kinywa changu hakipokei mafuta mengine. Nimeapa mbele ya wenzangu. Na nyumba hii iwe hivyo."

"Iwe hivyo," nikasema.

Sikukubali kwa woga. Niliamini. Kiwanda kile ndicho kilichowavisha watoto wangu viatu, na mtu hamkimbii ng'ombe wake eti kwa sababu wa jirani ana maziwa ya bei poa. Tulikwisha acha kupewa kopo la bure, tukawa tunanunua kama watu wote, na mwisho wa mwezi mboga nilichemsha kwa maji na chumvi badala ya kuvunja neno.

Wake wa wenzake walikuwa na akili yao. Walinunua chupa ya dukani, wakamimina ndani ya kopo kuukuu la Ua, wakaliweka dirishani. Waume walikula, wakasifu mafuta ya kiwanda chao. Jirani yangu wa ukuta mmoja hakunificha hata.

"Shoga, utakonda na kopo lako hilo."

"Nikonde na heshima yangu."

"Heshima haikaangi dagaa."

"Siku mumeo atakapokaa nyumbani hana kazi, mkaangie hao dagaa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na wa kwako atakalia nini, mwenzangu? Makopo?"

Nilimnunia kwa muda mrefu. Lakini hayo yalikuwa maneno ya uani, yanapita kama moshi. Ya mama hayakupita.

Mama alifariki wakati wa kipupwe, ile baridi ya Mgeta ambayo ukungu unakaa mabondeni mpaka jua la utosi. Tulipanda na gari la mizigo lililokuwa linarudi juu baada ya kushusha kabichi, halafu tukatembea. Mume wangu alibeba kopo la Ua begani njia yote, mchango wake wa mkwe. Tulimkuta mama amelazwa, na mdogo wangu amekaa miguuni pake, amefunga kanga kiunoni, midomo imepasuka kwa baridi.

Mdogo wangu huyo ndiye aliyekaa na mama. Aliolewa, akaachika, akarudi nyumbani. Ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha uji kwa kijiko mama aliposhindwa kushika kikombe. Mimi nilikuwa mjini. Nilipeleka mafuta na kanga. Yeye alitoa mikono.

Na jambo jingine lazima mlijue. Sisi Waluguru ukoo hushika upande wa mama, wenyewe tunauita lukolo, na shamba la mama hubaki kwa binti zake. Kila mtu alijua kwamba matuta yale ya njegere na karoti, mama akifa, yatakuwa ya mdogo wangu, kwa sababu mimi nilishafuata mume Kihonda. Wapo waliokuwa wakiyatazama matuta hayo. Mama mkubwa mmoja wa ukoo wetu, ambaye mashamba yake yalipakana na ya mama, alikuwa akiyatazama tangu mimi ni mtoto.

Siku ya mazishi kopo letu lilipika vyakula vyote. Watu walikuja wengi, wa kijijini na wa misheni, wakala, mume wangu akala nao kwenye duara la wanaume. Jioni kopo likaisha. Kesho yake mdogo wangu akaingia ndani, akatoka na chupa za mafuta, zile za karatasi nyekundu, akakaangia kabichi. Niliziona. Nikasema moyoni, huku ni msibani, mume wangu atafumba macho. Sikwenda kumwambia. Nilikuwa nasonga ugali wa watu wengi, moshi umenijaa machoni.

Mafuta yale mjini huyajui. Mjini kuna joto, yanang'aa kama maji. Mgeta wakati wa kipupwe yanaganda. Kabichi ilitoka jikoni ya moto, lakini hadi ifike kwa wanaume uwanjani, pembeni mwa sinia palikuwa pameshaanza utando mweupe. Mume wangu alikuwa amenawa. Akapitisha kidole ukingoni mwa sinia, akakitazama, akakisugua na gumba. Kisha akavuta bakuli la maji, akanawa tena.

Kunawa mara ya pili kabla ya kumega. Wote waliona.

Kwanza walicheka. Mume wangu ni Mnyamwezi, na sisi na wao ni watani, hata msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko. Wakadhani anaanza.

"Mwacheni Mnyamwezi, anangoja asali!"

"Kabichi yetu kaiona majani ya mbuzi."

"Kula, mtani! Hatujakutilia kitu. Tungetaka tungekutilia zamani, ulipotuchukulia binti yetu kwa mbuzi mwenye kikohozi!"

Hata mimi nilicheka, huko jikoni. Lakini mume wangu hakurudisha neno, na mtani asiyerudisha neno siyo mtani tena. Kicheko kikaisha kimoja kimoja, mpaka ukasikia kuku wanaparura nyuma ya nyumba.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Akamuuliza kwa upole. "Mkwe, tumbo linakusumbua?"

Alikuwa anampa mlango wa kutokea. Mtu mwenye akili angesema ndiyo.

"Tumbo langu zima, mjomba."

"Basi nini?"

"Chakula hiki sili. Kimepikwa kwa mafuta ya dukani. Mimi nimeapa kutokula mafuta mengine zaidi ya yale ya kiwanda chetu."

"Umemwapia nani?"

"Nimeapa mbele ya wenzangu. Kwa ajili ya kiwanda."

Wanaume wakatazamana. Mzee mmoja akatema mate pembeni. "Kiwanda," akasema. "Mtu anakataa chakula cha matanga kwa ajili ya kopo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Kwetu chakula cha msiba hakikataliwi. Ukikikataa, unasema neno, hata kama hujafungua mdomo. Unasema mikono iliyopika hiki ndiyo iliyomuua tunayemlilia. Mume wangu alikuwa ametaja sababu yake mbele ya watu, kwa sauti, na ilikuwa kweli tupu. Lakini pale juu hakuna aliyewahi kusikia mtu akikataa tonge kwa sababu ya kiwanda. Wakaona ni kifuniko. Jana alikula, leo hali. Jana na leo kumetokea nini?

Mama mkubwa yule alikuwa amekaa karibu na figa, anaota moto. Akamgeukia mdogo wangu.

"Mwanangu, haya mafuta ulinunua lini?"

"Wiki iliyopita, mama. Niliposhuka mjini na karoti."

"Chupa zote hizi?"

"Nilijua watu watakuwa wengi."

"Wiki iliyopita mama yako alikuwa hai."

Mdogo wangu akabaki na upawa mkononi. Alikuwa amefanya lile ambalo binti yeyote mwenye busara angelifanya. Alimwona mama anaondoka, akauza karoti, akajiandaa ili wageni wasile mboga kavu. Na alinunua ya dukani kwa sababu ndiyo aliyoyaweza. Angenunua la Ua, angepata kopo moja, lingewatosha watu wangapi? Lakini maneno hayo yote hayakumtoka. Alisema tu, "Nilijiandaa." Na hilo likawa baya kuliko kunyamaza.

Wanawake wakaanza kushusha matonge. Hawakuyatupa, waliyarudisha kwenye sahani polepole, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Mmoja akamfuta mtoto wake mdomo kwa pindo la kanga, akamwinua, akaondoka naye.

Nilichukua bakuli la kabichi na bonge la ugali, nikatoka jikoni, nikaenda kukaa katikati ya uwanja wa wanaume, mahali ambapo mwanamke wa kwetu hakai. Nikala. Nilimega matonge makubwa, nikachovya, nikameza, mbele ya mjomba na mbele ya mume wangu. Nikalamba vidole vyenye utando ule mweupe. Nilikuwa sijaonja mafuta yale hata siku moja, na niseme kweli, sikuona tofauti. Yalikuwa mafuta.

"Nyie mnaogopa nini?" nikawauliza. "Mama aliyekufa ni mama yangu. Mimi ningekuwa na neno na mdogo wangu, ningekula?"

Wachache wakamega tena, kwa ncha za vidole, kwa kunihurumia. Wengi hawakumega.

Mjomba akamwambia mume wangu, "Mkwe, matanga hayajavunjwa. Ukila, maneno yanaishia hapa. Usipokula yatabaki, na wewe utashuka kwenu utuachie."

"Nikila leo, mjomba, keshokutwa nitawatazama vipi wenzangu?"

"Wenzako wako hapa kukuona?"

"Mimi nipo."

Ni jibu zuri, hata leo naliona zuri. Kwingine kokote ningejivunia mume aliyelitoa. Akasimama, akachukua koti lake, akashika njia. Nilimfuata mpaka kwenye mgomba wa mwisho.

"Baba watoto, rudi ule tonge moja. Moja tu, waone."

"Wewe si umekula."

"Nimekula mimi. Wanakutazama wewe."

Mdogo wangu naye alikuwa amekuja nyuma yetu, miguu mitupu kwenye umande, sahani mkononi. "Shemeji, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Pika kwa mafuta mengine, nitakula."

"Mengine nitayatoa wapi, shemeji? Nishuke mjini na mama jana tu tumemfukia?"

Mume wangu alimgusa bega, akashuka. Nadhani alidhani kumgusa bega kunatosha. Mdogo wangu akabaki ameshika sahani mpaka kabichi ikawa nyeupe yote.

Nilikaa mpaka matanga yakavunjwa, nikala kila kilichopikwa, nikarudi Kihonda. Mimi na mume wangu hatukugombana. Afadhali tungegombana. Nilimwambia, umemwachia mdogo wangu neno la uchawi, naye akasema, "Mimi sikumsema mtu. Nilisema mafuta." Nikamwambia anajua vizuri kwamba kule juu, msibani, ukisema mafuta watu wanasikia uchawi. Akasema hakujua. Na hiyo pia ni kweli, hakujua. Ana miaka mingi kwetu, anazijua ngoma zetu na matusi yetu, lakini msiba wa kwetu alikuwa hajawahi kuwa na sababu ya kuususia.

Kiwanda kilifungwa kabla ya mvua za masika. Waliitwa tena uwanjani, wakaambiwa, wakarudi nyumbani mchana kweupe, wamekunja ovaroli kwapani. Yule jirani yangu wa ukuta hakunicheka. Alikuja na bakuli la maharage, akaliweka, akaondoka. Yalipikwa kwa mafuta gani sikuuliza, na mume wangu hakuuliza. Alikula akiwa ameangalia ukuta. Makopo ya Ua yaliyobaki madukani yakaisha, kisha hayakuwepo tena, basi. Hata angetaka kushika kiapo chake, hakikuwa na kitu cha kushikia. Alipata kibarua cha kufyeka majani upande wa Mazimbu, akawa anaondoka asubuhi na panga.

Habari za mdogo wangu zilishuka na wauza mboga. Kwetu shamba halilimwi na mtu mmoja. Unaita wenzako, wanakulimia, unawapikia, wanakula, kesho unakwenda kwao. Yeye aliita, wakaja, wakalima, chakula kikaiva, kila mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mara ya pili walikuja wachache. Baadaye hawakuja. Mwenye shamba ambaye chakula chake hakiliwi hana shamba, ana pori. Alijaribu kuwauzia viazi na maharage wapakiaji wa magari siku ya gulio. Wale ni watu wa mbali, wana njaa, wakala vizuri. Halafu mtu akawanong'oneza.

Nilipanda peke yangu kwenda kusema na wanawake. Niliwaeleza habari yote, kiwanda, meneja, kiapo, kopo. Walinisikiliza kwa adabu kubwa.

"Tunajua, dada," wakasema. "Ni mafuta."

"Ndiyo, ni mafuta!"

"Si ndiyo tunasema, dada. Mafuta."

Na mmoja akakohoa, akaficha uso kwenye kanga. Nilitaka kuwapiga.

Mjomba alikuwa amezeeka ghafla. Akaniambia, "Wewe ni dada yake, ungesema nini kingine? Aje yule aliyekataa. Ale kwa mkono wa shemeji yake, watu waone."

Nilishuka nikamwambia mume wangu. Nilidhani atakataa, nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akaweka panga chini, akauliza, "Lini?"

Tulipanda Jumapili, watu wanapotoka kanisani. Mdogo wangu alipika kabichi na ugali, akaweka sinia uwanjani, mjomba akaita watu. Mume wangu akanawa mara moja. Akala. Hakuacha hata jani, akafuta sinia kwa tonge la mwisho, akasema kwa sauti, "Shemeji, asante. Nilikukosea. Mafuta ndiyo niliyoyakataa, siyo mkono wako." Sijawahi kumsikia akiomba radhi kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nikatazama watu, nikasema moyoni, limekwisha.

Mama mkubwa yule akajifunga kanga upya, taratibu.

"Siku ile alikuwa na kazi, alikuwa na macho," akasema. "Leo ana njaa."

Watu wakaaga mmoja mmoja, wakampa mjomba mkono, wakampa mume wangu mkono. Mdogo wangu alikuwa anakusanya vyombo, na wanawake walimpita kwa pembeni, kama unavyopita dimbwi.

Msimu uliofuata matuta ya mama yaliota magugu, na ukoo ukakaa, ukasema ardhi hailazwi hivi hivi, ukampa mama mkubwa ayalime kwa muda. Muda huo haujaisha. Mdogo wangu akafunga nguo zake kwenye kanga, akashuka kwangu. Nilimpa chumba cha watoto. Mume wangu ndiye aliyemtengenezea kitanda, akakipigilia misumari siku nzima, kimenyooka kuliko chetu.

Tangu hapo yeye ndiye anayepika. Chupa zimekaa jikoni, leo za duka hili, kesho za duka lile, yaliyo rahisi. Watu wa mtaani hawajui lolote, wanamwita mama mdogo, wanamsifia mchuzi. Lakini chakula kikiiva hakipakui moja kwa moja. Analeta sufuria mbele yetu, anachota, anaonja kwanza yeye, anameza, anasubiri kidogo. Ndipo anapakua. Awe mgeni, awe mtoto anayelia njaa, ni vilevile.

Nimemkataza kwa ukali. "Mdogo wangu, hapa siyo juu. Nani anakushuku hapa?"

"Hakuna, dada," anasema.

Siku moja mume wangu alirudi ametota kwa mvua, njaa imemshika, akamkuta anaiinua sufuria. Akamnyang'anya upawa, akajipakulia, akapeleka tonge mdomoni kabla yake. Alitaka kumwonyesha kwamba hamshuku. Mdogo wangu akamdaka mkono. Mwanamke mpole yule, alimdaka kwa nguvu mpaka mchuzi ukamwagika mkekani.

"Shemeji, subiri. Subiri kwanza."

Akachota, akameza mbele yetu, akafungua mdomo tuone kwamba amemeza. Mume wangu alikuwa ameshika tonge lake hewani. Akasubiri mpaka alipoambiwa ale.